Kitanda Nje ya Hoteli

Mtu wa Sotik akikuambia twende hoteli, usibebe shuka. Hoteli kwao ni chai ya maziwa, mandazi na maharagwe yaliyolala. Kinacholala hotelini ni maharagwe. Binadamu hula, akapangusa mdomo, akaenda kulala kwake. Mwaka wa sitini na tano gari la Mzungu mmoja liliharibikia pale sokoni jioni, akauliza hoteli iko wapi, akaelekezwa kwa Nyakundi. Akanywa chai, akala mandazi mawili, kisha akaweka viganja chini ya shavu na kufumba macho, kuonyesha kwamba sasa anataka kulala. Wateja walicheka hadi mmoja akajimwagia uji. Maskini yule Mzungu alilala garini, na kisa chake kikawa kitoweo cha soko zima kwa muda mrefu.

Nyakundi, mwenye hoteli, hakucheka. Kemuma mkewe, aliyekuwa nyuma ya meza akikanda unga, alimwona akifuta kikombe kimoja kile kile bila kukiangalia. Wateja walipoondoka akamuuliza kilichomkera.

"Yule mtu alikuwa na haki," Nyakundi akasema. "Sisi ndio tumeligeuza neno."

Kabla ya Uhuru, Nyakundi alikuwa akiosha sufuria katika hoteli ya Wazungu mjini Kericho. Huko neno lilikuwa na maana nyingine kabisa. Hoteli ilikuwa shuka nyeupe, bustani iliyonyolewa kama kichwa cha mfungwa, na wenye mashamba ya chai wakipelekewa chai kitandani kana kwamba ni wagonjwa. Mweusi aliingia kwa mlango wa nyuma na kutoka kwa mlango wa nyuma. Mpishi mkuu alikuwa Antwani, mtu wa Shelisheli, mweusi kama sisi ila kwao waliongea Kifaransa, na hasira zake alizipika pamoja na nyama. Huyo Antwani alikuwa akimwambia kila mwosha sufuria kwamba Waingereza wameiba neno la watu na hawajui hata kulivaa.

Kwa Wafaransa wa kale, alisema Antwani, hoteli ilikuwa nyumba ya mkubwa, nyumba ya ukoo, yenye lango na jina. Baadaye ikawa nyumba ya kupokea wageni, wale wasio na kwao katika mji huo. Tena kulikuwa na nyumba ya maskini wagonjwa, waliookotwa barabarani, ikaitwa hoteli ya Mungu. Ndipo Waingereza wakalichukua neno, wakalifungia mlango, wakasema ni la wenye masanduku. Na sisi Uhuru ulipokuja tukalipokea kama tulivyopokea makoti yao, tukalikata mikono, tukalivaa tunavyotaka: kila mwenye birika na benchi akawa na hoteli.

Kemuma aliipenda ile ya hoteli ya Mungu.

"Hao wagonjwa walihudumiwa na nani?"

"Na watawa," Nyakundi akasema. "Wanawake wasio na mume, wasio na mtoto, wasio na nyumba yao."

"Wee! Maskini wanawake hao," Kemuma akasema, akarudi kwenye unga wake. Alikuwa ameolewa mwaka mmoja tu, na mambo ya wanawake wasio na nyumba aliyaona ya mbali kama Ulaya yenyewe.

Nyumba yake ilikuwa pale pale. Nyakundi hakuwa amejenga nyumbani kwao, upande wa pili wa mpaka, kwenye vilima vya Kisii. Paa la pekee alilopata kuliinua duniani lilikuwa lile la mabati pale Sotik. Mbele meza nne, jiko lililozungushiwa magunia ubavuni, na nyuma ya ukuta wa mbao chumba kimoja chenye kitanda cha mtarakwa alichochongewa na fundi wa Kericho. Kilikuwa kitanda kizito, chenye kichwa kirefu kilichotiwa maua ya kuchonga. Wanawake wa soko waliomba ruhusa kukitazama tu.

Siku hoteli ilipofunguliwa, mzee Bogonko, baba yake Nyakundi, alikuja kwa miguu kutoka kwao. Alisimama mlangoni, akachungulia meza, akavuta hewa ya mandazi.

"Ingia, Tata," mwanawe akasema. "Hii si nyumba. Hii ni hoteli, ya watu wote."

"Mkeo analala wapi?"

"Huko nyuma."

"Basi ni nyumba," mzee akasema. Akaketi nje, kwenye benchi chini ya mabati, akaletewa chai huko.

Abagusii wana ensoni, ile haya kubwa iliyowekwa kati ya baba na mwanawe aliyeoa, na kati ya mkwe na mkamwana. Baba haingii nyumba anamolala mwanawe na mkewe. Mkamwana hamshiki mkono baba mkwe, wala hawaangaliani machoni. Kanisa la Sabato lilikuwa limekuja na mengi, likaondoa pombe na mahirizi, lakini ensoni liliikuta mlangoni na kuiacha imeketi. Kwa hiyo kila siku ya soko mzee Bogonko alikunywa chai yake nje, jua, mvua au ukungu, na Kemuma alimwekea kikombe mwisho wa benchi na kuondoka kabla hajakichukua. Wateja walimtania kwamba anaogopa kuingia asije akaosheshwa vyombo. Yeye alitazama barabara na kupuliza chai.

Kemuma naye, tusifiche, alimwona mkaidi. Mtu mzima kutetemeka nje kwa ajili ya ukuta wa mbao!

Alikuja kuelewa mwaka wa sitini na sita, lori la majani ya chai lilipopinduka mtoni na Nyakundi akiwa juu ya magunia. Walimzika kwao, mahali pasipokuwa na hata kibanda, na udongo haujakauka Mokaya akasimama. Huyu Mokaya alikuwa mwana wa mke wa kwanza wa Bogonko, mzee wa kanisa, mtu wa sauti ya taratibu na macho ya kupima mipaka. Akauliza, kwa heshima zote, marehemu ameacha nyumba gani. Mtoto hakuna. Jiko hapa nyumbani hakuna. Mwanamke asiye na nyumba kwenye ukoo ni mke wa nani? Shamba la marehemu si lirudi kwa wenziwe?

Wazee wakamtazama Bogonko. Akachukua muda kusimama.

"Nyakundi ana nyumba," akasema. "Iko Sotik. Nyote mmeniona nikinywa chai nje. Mnadhani napenda baridi?"

Ikawa imekwisha. Hapo ndipo Kemuma alipofahamu lile benchi lilikuwa kitu gani. Kila kikombe ambacho mzee alikinywa nje, mbele ya soko zima, kilikuwa kinasema: humu ndani mna nyumba ya mwanangu, na mwenye nyumba ni huyu. Alilia siku hiyo kuliko siku ya mazishi.

Na nyumba, kwa Abagusii, haifi kwa sababu mwanamume amekufa. Mjane asiye na mtoto anaweza kuiolea nyumba yake msichana, mahari yakatoka, na watoto watakaozaliwa wakaitwa kwa jina la marehemu. Mzee Bogonko aliahidi ng'ombe. Msichana alikwisha kuonekana, Jerusa, binti wa jirani, mchapakazi mwenye kicheko cha karibu. Kemuma alikuwa amekwisha kumshonea nguo moja. Jioni, akifunga mlango, aliwahi hata kulitamka jina la mtoto ambaye hajazaliwa, Nyakundi mdogo, polepole, kuona kama mdomo wake bado unalimudu.

Ng'ombe wenyewe walikuwa Longisa, wakichungwa na Kipkemoi, rafiki wa mzee wa tangu ujana. Mwezi wa saba mwaka wa sitini na tisa, ile baridi inayoua ndama, mzee alikwenda kuwachagua. Mvua ikamnyeshea huko machungani siku nzima. Ijumaa alasiri basi likamshusha Sotik, na Kemuma alipompelekea chai akamwona ameegemea ukuta, midomo imekuwa ya kijivu, kifua kikipiga kelele kama birika.

Kwa mara ya kwanza hakuondoka.

"Tata, wewe ni mgonjwa."

Mzee alikuwa akitazama barabara, kama desturi. "Ng'ombe ni wazuri," akasema. "Mmoja ana mimba. Jerusa ataletwa baada ya mavuno."

"Basi la Kisii limeondoka?"

"Halijapita. Wanasema daraja limefunikwa na maji."

Kemuma alikimbia huku na huku. Maduka ya Wahindi yalikuwa yamefungwa tangu mwaka uliotangulia wenyewe walipoondoka, yamebaki makufuli na vibaraza. Fundi wa nguo, Owino, ng'ambo ya barabara, alikuwa amekwenda kwao Kisumu na ufunguo wake. Gari la kwenda hospitali ya misheni hakuna. Chelangat, mama wa Kikipsigis aliyemletea maziwa, ndiye pekee aliyekuwapo sokoni na mvua ile, amejifunika gunia kichwani.

"Tumpeleke kwangu," Chelangat akasema. "Mzee, amka twende. Ni huko juu tu."

Mzee alijaribu. Alisimama, akashika nguzo, akarudi kwenye benchi. Kikohozi kilimshika hadi Chelangat akageuza uso. Mvua ilikuwa inaingia chini ya mabati kwa ubavu, na upande mmoja wa koti la mzee ulikwisha kulowa kabisa.

"Kemuma, huyu mzee atakufa hapa nje," Chelangat akasema kwa sauti ya chini. "Si umuingize ndani? Hii nyinyi mnafanya ni nini?"

Hata kwa Wakipsigis mna heshima ya mkwe, Chelangat hakuwa mgeni wa mambo hayo. Lakini aliona wazi kwamba heshima ilikuwa kavu ndani na mzee alikuwa amelowa nje, na jambo hilo lilimuudhi.

Kemuma alichuchumaa mbali kidogo na benchi. Akamsimulia mzee, harakaharaka, maneno ya Antwani wa Shelisheli: kwamba hoteli haikuanza kuwa ya mandazi, kwamba ilikuwa nyumba ya mgeni, na ya mgonjwa aliyeokotwa barabarani, hata ikaitwa ya Mungu. "Kwa hiyo si vibaya, Tata. Hata neno lenyewe linakuruhusu."

Mzee alisikiliza akitazama barabara. Alikuwa na akili zake zote, na Kemuma baadaye alitamani asingekuwa nazo.

"Huko Ulaya," akauliza, "hao wagonjwa walioshwa na nani?"

Hakungoja jibu.

"Nyakundi alinisimulia pia," mzee akasema. "Wanawake wasio na nyumba. Mama, sikukaa nje miaka yote hii kwa sababu sijui kuna joto ndani. Nikiingia, Mokaya atajua kabla jogoo hajawika. Atasema: baba mwenyewe ameingia, basi si nyumba. Halafu Jerusa ataletwa wapi? Wacha nikae. Basi litakuja."

Basi halikuja. Giza lilianza kushuka mapema, lile la mawingu, na mzee akaanza kuongea na watu wasiokuwapo. Alimwita Nyakundi afunge ndama. Kemuma alisimama mlangoni, mgongo kwenye joto la jiko na uso kwenye mvua. Huku kulikuwa na mtoto ambaye hajazaliwa, mwenye jina tayari; kule kulikuwa na mzee anayekufa ili mtoto huyo apate pa kuzaliwa. Lisilo budi hutendwa, lakini wahenga hawakusema mtu alitende kwa moyo gani. Alimchukia Mokaya, akamchukia Antwani na Wafaransa wake, na kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, akamchukia hata mzee kwa kumpenda namna ile.

Kisha akaingia chumba cha nyuma, akaondoa godoro kitandani.

"Chelangat! Njoo unishikie."

"Unafanya nini?"

"Nyumba ni kitanda. Natoa kitanda."

Hiyo ndiyo hesabu aliyoifanya, na kwa mtu wa kwao haikuwa ya kijinga. Kinachomzuia baba si mbao wala mabati. Ni mahali pa kulala mwanawe. Pasipo kitanda, pamebaki meza na benchi. Na meza na benchi ni za kila mtu.

Kitanda kilikataa mlango. Nyakundi alikiingiza kabla ukuta haujapigiliwa, hakuwahi kufikiri kitatoka. Waling'oa mbao mbili za ukuta kwa shoka la kuni, wakakigeuza ubavu, wakakikokota kati ya meza, Chelangat akiguna kwa Kikipsigis maneno ambayo si ya kanisani. Walikipitisha mbele ya macho ya mzee, wakakiweka kwenye matope chini ya mvua. Maji yakaanza kujaa kwenye yale maua ya kuchonga.

Mzee aliacha kutazama barabara. Akakitazama kitanda, kisha, kwa mara ya kwanza tangu Kemuma aolewe, akamtazama usoni.

"Umeivunja nyumba ya mwanangu."

"Nyumba haikohoi, Tata," Kemuma akasema. "Wewe ndiye unayekohoa."

Akampitisha mkono kwapani. Chelangat akashika upande wa pili. Mzee hakupinga tena. Alikuwa mwepesi, na mwili wake ulichoma kupitia koti. Waliunganisha meza mbili karibu na jiko, wakatandika godoro, wakamvua nguo zilizolowa, Kemuma akizifanya zile kazi ambazo mkamwana hafanyi, huku machozi yakimtiririka na mikono ikienda upesi. Alipoviringishwa ndani ya blanketi, akapewa chai kwa kijiko.

Mzee aliimeza, akatazama huku na huku: kalenda ya kampuni ya dawa za ng'ombe, rafu ya vikombe, picha ya Nyakundi akiwa na aproni ya Kericho. Miaka mitano alikuwa ameyachungulia tu haya kupitia mlango.

"Chai ya ndani," akasema, "ni moto kuliko ya nje."

Kemuma alicheka na kulia kwa pamoja. Alikuwa na hakika mzee atapona. Baada ya yote aliyoyatoa, ilikuwaje asipone?

Alikufa kulipopambazuka, mvua imekatika, wachuma chai wa kwanza wakipita barabarani na vikapu mgongoni. Alipumua kwa shida, akapumua tena, kisha akawa anasikiliza kitu. Kemuma aliyafunga macho yale aliyokuwa haruhusiwi kuyatazama. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema itakuwaje mgeni mwenyewe asipopona.

Mokaya alifika saa sita, kwa miguu, na wazee wanne na pasta wao. Maji yalikuwa yamepungua darajani. Walikiona kitanda kabla ya kumwona mtu. Walikizunguka, mmoja akakigonga kwa fimbo, kama watu wanaokagua mnyama aliyegongwa na gari. Hakuna aliyeingia. Mokaya alisimama pale pale penye benchi.

"Pole, shemeji," akasema, na tuseme haki, macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amempenda baba yake kwa namna yake. "Baba amefia wapi?"

"Hapa."

"Hapa nje au hapa ndani?"

"Ndani."

Wazee wakanung'unika. Pasta akafungua Biblia, akaifunga.

Mokaya hakupandisha sauti. "Nisaidie, kwa sababu watu wataniuliza. Baba alikuwa mtu wa ensoni. Sisi sote alitulea kwa hiyo fimbo. Kama amekufa kwenye nyumba ya mwanawe, amevuliwa nguo na mkamwana, basi amelivunja mwishoni lile alilolishika maisha yote. Tutamzika, ndiyo, ni mzazi. Lakini tutamzika kwa kunong'ona. Nani atasimama kumsifu? Sasa niambie. Hii ni nyumba ya Nyakundi, au si nyumba?"

Chelangat alikuwapo. Hakuelewa Ekegusii chote, lakini alielewa macho. Akaingilia kwa Kiswahili: "Mimi nilibeba kitanda. Tulitoa kwanza, ndio mzee akaingia. Mimi nimeona na macho yangu."

"Asante, mama," Mokaya akasema. Akamgeukia Kemuma tena. "Kitanda kilichotolewa jioni hurudishwa asubuhi. Kikirudi, mahali hapa palikuwa nyumba jana na patakuwa nyumba kesho, na baba ameingia nyumba ya mwanawe. Kitarudi?"

Kwa hiyo aliulizwa wazi. Hakuna atakayesema hakuelewa. Kulikuwa na shamba, na ng'ombe wa Longisa, na Jerusa na kicheko chake, na lile jina dogo alilolijaribu mdomoni jioni akifunga mlango. Vyote vilikuwa juu ya kitanda kile chenye matope. Na ndani, juu ya meza, alilala mzee aliyekaa miaka mitano kwenye baridi ili yeye awe mke wa mtu.

Angeweza kusema ni nyumba. Mzee alikwisha kufa. Aibu haimuumizi maiti. Aliliwaza hilo, na mawazo hayo yalikuwa na nguvu, na aliyaachia yapite mpaka mwisho. Kisha akaona lile benchi, lilivyolainika mahali mzee alipokuwa akikaa.

"Hakitarudi," Kemuma akasema. "Hapa si nyumba. Hapa ni hoteli. Baba alishikwa na mvua njiani, akaingia hotelini kama mtu yeyote, akafa. Hakuvunja kitu."

"Na Nyakundi?"

"Nyakundi hana nyumba."

Mzee mmoja, rika la Bogonko, akamwambia, "Mwanangu, fikiri." Kemuma alisema amefikiri. Basi Mokaya akavua kofia, akaingia, na wazee wakamfuata, wakainama kupita mlango ambao miaka yote walikuwa wakiupita mbali. Waliingia kwa urahisi kabisa. Hilo ndilo lililomuuma Kemuma.

Bogonko alizikwa kwa sauti kubwa. Watu walisimama mmoja mmoja kumsifu, na wengi walitaja ensoni. Kemuma alisikiliza akiwa upande wa wageni, pamoja na Chelangat na Kipkemoi wa Longisa, maana hakuna aliyemwonyesha pa kukaa.

Kitanda kilibaki ubavuni mwa hoteli. Watu walitaka kukichukua, akakataa. Kukiuza hakuweza, kukichoma hakuweza, na kukirudisha ndani kungemfanya mwongo yeye na kumfanya mzee mvunja haya kaburini mwake. Alilala juu ya meza mbili akiziunganisha jioni na kuzitenganisha alfajiri, kama mpita njia anayeogopa kumchosha mwenyeji. Mbao mbili za ukuta hakuzipigilia tena, na mwishowe akaung'oa ukuta wote. Mvua za Sotik hazina mzaha; mwaka wa tatu uyoga ukaota kwenye mguu mmoja wa kitanda, na kuku wa Chelangat wakataga kwenye kichwa chenye maua.

Neno nalo likaendelea na safari yake. Kufikia mwaka wa sabini na nne hoteli zilikuwa zimeota kando ya barabara, zenye bia, redio na vyumba vya nyuma, na mtu akisema mwanamke fulani ni wa hoteli alikuwa hamsifu. Madereva wageni walimuuliza Kemuma kama ana chumba. Wengine walimwonea huruma, wengine walimkonyezea. Aliwajibu wote kwamba ana chai. Aliyezidiwa njiani, mgonjwa au mlevi, alimlaza mezani, naye akaketi kwenye kiti mpaka asubuhi. Sokoni walimwita Mama Hoteli, kwa upendo tu, na hakuna aliyekumbuka kwamba aliwahi kuitwa mke wa Nyakundi.

Siku moja ya soko mwaka huo, mwanamke kijana aliketi nje kwenye benchi na mtoto. Kemuma alimtambua kwa kicheko. Jerusa. Mokaya alikuwa amemwolea mwanawe, kwa ng'ombe wale wale. Alimwamkia Kemuma vizuri, akauliza habari za biashara, akaomba chai moja na andazi la mtoto. Wote wawili walikuwa na adabu, na hawakuligusa lile jambo.

Mtoto alikuwa wa miaka mitatu, mwenye magoti ya matope. Hakungoja kuambiwa. Aliparamia kizingiti, akaingia ndani moja kwa moja, akapita kati ya meza hadi kule nyuma palipokuwa chumba, akasimama pale pale, akatazama juu akishangaa picha ya mtu mwenye aproni. Kemuma alichuchumaa mbele yake akiwa na andazi mkononi. Alikuwa na paji la uso la Bogonko.

"Unaitwa nani, baba?"

Mtoto alificha uso. Jerusa akageuka kwenye benchi, akamwita kwa sauti ya mama aliyechoka.

"Nyakundi! Toka huko. Hapo si kwenu."

Kemuma akampa andazi, akamshika mkono, akamrudisha nje.